Kalamu ya Wino: Asili Yake, na Namna ya Kuipima Kabla ya Kuinunua

Twataka kuwaeleza habari za kitu kidogo kikaacho mfukoni, nacho ni kalamu ya wino. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa tukifundisha Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa, alitujia mama mmoja tumwandikie barua. Mwanawe alikuwa kazini katika mashamba ya mkonge huko Tanga, na baba wa kijana alikuwa mgonjwa sana. Siku hiyohiyo tulikuwa tumenunua kalamu ya wino, nyeusi ya kung'aa, yenye pete za rangi ya dhahabu, tukatembea nayo juani mwendo wa saa tatu. Tukaandika salamu. Tulipofika penye habari ya ugonjwa, kalamu ikatapika wino, ukafunika mistari mitatu. Karatasi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mama akatazama, akasema, "Mwalimu, kalamu yako imemeza maneno yangu." Tulipopata karatasi nyingine, mjumbe wa kwenda Songea alikuwa amekwisha kuondoka, na barua ikakaa majuma mawili ikimngoja mwingine.

Ndipo tulipoanza kuuliza: kalamu hii imetengenezwaje, na kwa nini imetufanyia hivi?

Neno lenyewe "kalamu" tumelipata kwa Waarabu, na Wayunani wa kale nao walikuwa na neno la namna hiyohiyo, maana yake tete. Kalamu ya kwanza ilikuwa tete lililochongwa ncha na kupasuliwa katikati, kama matete yaotayo kando ya ziwa letu. Kwa kalamu za namna hii wazee wa pwani waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu. Utenzi mmoja mkubwa, Chuo cha Herekali, uliandikwa Pate mwaka 1728. Baadaye, katika karne ya 19, viwanda vya Birmingham, Uingereza, vilitengeneza nibu za chuma kwa wingi mno, na hizo ndizo zilizoenea mashuleni pamoja na kidau cha wino.

Lakini mwenye kuchovya hutumwa na kidau chake: huandika maneno machache, kisha hurudi. Watu wakatamani kalamu ichukuayo wino wake tumboni. Mromania mmoja, Petrache Poenaru, alipewa hati ya kalamu ya namna hiyo huko Ufaransa mwaka 1827. Hata hivyo kalamu nyingi za zamani zilikuwa na maradhi mawili: ama wino haukutoka, ama ulitoka wote.

Sababu yake mwaweza kuiona nyumbani. Chukueni kibuyu chenye shingo nyembamba, mkijaze maji, mkiinamishe. Maji hayatoki sawasawa. Hutoka kwa kukorota, maana kila yatokapo, hewa lazima iingie mahali pake. Kalamu ni kibuyu kidogo. Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipata hati ya dawa ya jambo hili. Chini ya nibu aliweka ulimi wenye mifereji myembamba sana, wino ushuke na hewa ipande, kila kimoja kwa kiasi. Naye George Parker, aliyekuwa mwalimu wa simu za maandishi katika mji wa Janesville, Marekani, alichoka kuwatengenezea wanafunzi wake kalamu mbovu. Akaanzisha kampuni yake mwaka 1888, na mwaka 1894 akapata hati ya ulimi uliopinda, uliorudisha wino tumboni kalamu iliposimamishwa mfukoni.

Sasa twaelewa kosa la Chiwanda. Hewa ikipata joto huvimba. Kalamu yetu ilikuwa na wino kidogo na hewa nyingi. Jua likaivimbisha hewa, hewa ikausukuma wino nje. Ulimi mzuri una matuta membamba ya kuzuia wino uliozidi. Ulimi wa kalamu yetu ulikuwa laini mtupu. Tulikuwa tumelipa fedha kwa ajili ya pete.

Basi anunuaye na aangalie mambo manne.

Kwanza, nibu. Wino wa zamani wenye chumvi ya chuma na asidi huila nibu ya chuma, lakini dhahabu hauiwezi. Nibu iliyoandikwa 14 ct ina sehemu 14 za dhahabu katika kila sehemu 24. Rangi ya dhahabu peke yake si ushahidi, kwa kuwa chuma nacho hupakwa. Mkiwa na sumaku, ijaribuni: nibu ikivutwa, si dhahabu. Isipovutwa, bado si hakika, maana ziko madini nyingine zisizovutwa.

Pili, ncha. Dhahabu ni laini, hulika upesi karatasini. Kwa hiyo ncha huungwa chembe ya madini ngumu ya jamii ya iridiamu. Itazameni kwenye mwanga: pande mbili za ufa ziwe sawa, na chembe ionekane pande zote mbili.

Tatu, tumbo. Tangu Walter Sheaffer alipopata hati ya kikono cha kujazia mwaka 1908, kalamu nyingi zilikuwa na kifuko cha mpira ndani. Mpira huharibika kwa joto na kwa kukaa dukani. Mwombeni mwenye duka maji, mjaze, muielekeze ncha chini, mngoje kidogo. Ikidondosha, mrudishieni.

Nne, mkono wenu. Andikeni jina lenu pole pole, kisha upesi. Isikwaruze, isikatike, isifurike.

Mwaka 1945 kalamu ya kigololi ilianza kuuzwa New York, na baadaye ikaenea duniani kote. Lakini fundisho ni lilelile kwa kila chombo: kazi yake imo mahali pasipong'aa. Kalamu ya shilingi nyingi idumuyo miaka 10 ni rahisi kuliko ya shilingi chache inunuliwayo kila mwaka.

Kijana yule wa Tanga alifika, akamkuta baba yake yu hai. Lakini majuma mawili yale hatukuyasahau, wala tangu siku ile hatujanunua kalamu pasipo kuomba maji kwanza.