Si Kila Asiyekwenda Shule ni Mtoro

Ndugu msikilizaji, juma hili nimelikumbuka daftari la mahudhurio. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi asiyefika bila taarifa nilimwandikia neno moja tu: mtoro. Akirudi, fimbo. Alikuwapo mvulana mmoja msikivu, hesabu anaziweza, lakini kila Jumatatu alfajiri tumbo lilimsokota. Ikifika saa nne limepoa, naye yuko nyumbani anamchotea mama yake maji. Nilimchapa kama watoro wengine. Hakurudi tena.

Kumbe jambo hilo lilikuwa limekwisha chunguzwa zamani. Mwaka 1932 mtaalamu wa Marekani, Isra Broadwin, aliandika juu ya watoto waliokosa shule kwa miezi mingi, na wazazi wao wakijua fika walipo: nyumbani, karibu na mama. Mtoto wa namna hiyo alihofu kwamba akiwa darasani mama atapatwa na baya. Akimwona mzima, hofu inakwisha. Mwaka 1941 Adelaide Johnson na wenzake, huko huko Marekani, wakaipa hali hiyo jina: hofu ya shule.

Mjini London, mwaka 1960, Daktari Lionel Hersov aliwalinganisha watoto 50 waliokataa shule kwa hofu na watoro 50. Akaona ni watu mbalimbali. Wale wenye hofu walikuwa na adabu na masomo yao yalikuwa mazuri. Basi fimbo ingewasaidia nini?

Tiba nayo ilibadilika. Mwanzoni wataalamu walizungumza na mama na mtoto kwa muda mrefu, wakichimbua chanzo cha hofu. Mwaka 1965 Wallace Kennedy wa Marekani alieleza jinsi watoto 50, ambao hofu yao ilikuwa bado changa, walivyorudishwa darasani kwa haraka, kwani mtoto akikaa sana nyumbani hofu huota mizizi. Baadaye ikaja njia ya hatua kwa hatua: mtoto hufundishwa kutuliza moyo, leo afike langoni, kesho aketi kipindi kimoja, huku mzazi na mwalimu wakipewa ushauri nasaha. Mwaka 1998 Neville King na wenzake wa Australia walionyesha kwamba majuma manne ya tiba hiyo yaliwarudisha wengi shuleni.

Msikilizaji, siwatetei watoro. Wala sisemi kila hofu iko kichwani mwa mtoto. Yuko anayeonewa njiani, na yuko anayemwogopa mwalimu mwenyewe. Hapo wa kwanza kutibiwa ni sisi wakubwa. Ninachosema ni kwamba mtoto aulizwe kabla ya kuhukumiwa, tena aulizwe kwa upole, na jibu lake lisikilizwe.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi kwa mvulana yule nilitanguliza fimbo, na swali sikuwahi kumwuliza.