Mita 400 za ramani na mita 400 za Kihanga

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa kijijini, kata ya Kihanga, wilayani Karagwe, kumjulia hali bibi yangu. Nimerudi na mada ya maji, na kama kawaida yangu, kabla ya kulalamika napenda kwanza kupekua historia. Kaeni mkao wa kusoma.

Kwa asiyeijua Karagwe: ni nchi ya vilima. Nyumba na migomba viko juu, chemchemi iko bondeni. Unashuka na dumu tupu ukipiga mluzi, unapanda na lita 20 kichwani huna hata pumzi ya kujibu salamu. Jirani na kwa bibi kipo kituo cha kuchotea maji, cha zege, kizuri tu. Bomba lake halijatoa tone miaka mingi. Siku hizi bibi huanika maharage juu yake.

Nikamuuliza, "Bibi, hivi hili bomba lilikuja lini?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, bomba lilikuja. Maji ndiyo hayakukaa."

Ndugu zangu, hiyo sentensi ya bibi ni historia ya maji vijijini Tanzania, kwa ufupi kabisa.

Turudi mwaka 1971. Uhuru una miaka 10, Azimio la Arusha lina miaka minne. Ikaamuliwa kwamba ndani ya miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na salama umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Tena bure! Tusiwacheke wazee wetu. Kwa mama aliyeamka alfajiri kila siku kushuka bondeni, hiyo ilikuwa ahadi kubwa kuliko barabara ya lami.

Wafadhili wakagawana mikoa. Waswidi walikuja huku kwetu Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara na Ziwa Magharibi, mkoa ambao tangu 1979 tunauita Kagera. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga. Kila mmoja alikuwa na wataalamu wake, mipango yake na pampu zake. Mradi ukikabidhiwa, picha zikipigwa, mgeni anaondoka. Siku pampu inapokufa, kipuri kiko Ulaya na fedha za kigeni hakuna.

Halafu mambo yakafuatana. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa kasi, na mashine nyingi zilikuwa za dizeli. Kati ya 1973 na 1976 ikaja Operesheni Vijiji: watu walihamishwa, na ramani ya maji ya jana ikawa haina kazi leo. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia mkoa wetu. Vita vilipokwisha mwaka 1979, hazina ilikuwa imekauka kama lile bomba la bibi.

Mwaka 1985 Waswidi walianzisha HESAWA, mpango uliojaribu njia nyingine: kuboresha visima na chemchemi ambazo watu walikuwa wanazitumia tayari, kujenga vyoo, kufundisha afya, na kuwashirikisha wanakijiji. Ulidumu hadi 2002. Lakini 1991 ilipofika, zaidi ya nusu ya watu wa vijijini Tanzania walikuwa hawajafikiwa. Mwaka huohuo ikatoka sera ya kwanza ya taifa ya maji, na neno "bure" likaanza kuondoka taratibu. Sera ya 2002 ikasema wazi kwamba wanakijiji wabebe gharama zote za kuendesha na kutengeneza mradi wao.

Sasa njooni tupige hesabu. Kiwango cha vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250. Bomba linalojaza dumu la lita 20 kwa dakika mbili litahitaji zaidi ya saa 10 kuwatosheleza wote, bila kufungwa hata sekunde moja. Kiangazi, dumu hilo hilo likichukua dakika nne, ni zaidi ya saa 20! Kwenye karatasi kijiji "kimehudumiwa". Na hizo mita 400 ni za ramani. Ramani haijui kilima.

Karatasi haijui hata wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Karagwe nasi tulipokea maelfu. Hakuna mpango wa maji uliokuwa umewahesabu.

Na "safi na salama" je? Mwaka 1974 Tanzania iliweka viwango vya muda vilivyoruhusu madini ya floraidi hadi miligramu 8 kwa lita, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Sababu ilieleweka: kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi kule Arusha na kwingineko. Lakini meno ya kahawia na mifupa iliyopinda ya watu wa kule havijui neno "muda". Kwetu Karagwe hofu yangu si floraidi, ni chemchemi ambayo ng'ombe na binadamu wanaichangia. Maji yake yanang'aa kama kioo, na vimelea havionekani kwa macho.

Kati ya 2011 na 2013 serikali ilihesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima, takriban 75,000. Karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havifanyi kazi. Julai 2019 RUWASA ilianza kazi, na vyombo vya watumia maji vikawekwa vijijini kukusanya fedha na kusimamia miradi. Ni hatua nzuri, nami naitakia heri.

Ila rai yangu ni moja. Kwa muda mrefu tumehesabu mabomba siku ya uzinduzi, utepe unapokatwa. Tuhesabu siku ambazo maji yametoka. Kila kijiji kibandike ubaoni: mwezi huu maji yametoka siku ngapi, fundi ameitwa lini, yamepimwa lini, fedha zetu zimebaki shilingi ngapi. Daftari la shilingi mia tano linatosha kwa kuanzia.

Nilipoaga, bibi alikuwa anakusanya maharage yake juu ya lile zege. Nikamwambia huenda siku moja maji yatarudi. Akanijibu, "Yakirudi nitaanika kwenye mkeka. Mkeka ninao."

Alamsiki.