Upandikizaji wa pafu kwa panya wa maabara

Upandikizaji wa pafu kwa panya ni upasuaji wa utafiti ambapo pafu la kushoto la mnyama mmoja hutolewa na kuunganishwa kifuani mwa mwingine, likapata damu na hewa kama lile la asili. Lengo si kumponya panya. Watafiti hutaka kujua pafu linavyoumia likikaa bila damu, na mwili wa mpokeaji unavyolikataa.

Kwa kiumbe hai, kifua kikishafunguliwa tu pafu husinyaa. Ndiyo maana panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, akapitishiwa mrija kooni na kupumuliwa na mashine kabla mbavu hazijatenganishwa.

Pafu la kushoto huchaguliwa kwa umbile lake: kwa panya ni pande moja tu, ilhali la kulia limegawanyika mapande manne. Shina lake ni rahisi kulifikia, na mnyama huweza kuishi kwa la kulia wakati kazi ikiendelea.

Viungio ni vitatu: ateri, vena na bronkasi, yaani bomba la hewa. Mwaka 1971 Asimacopoulos na wenzake walieleza namna ya kuvishona kwa mkono chini ya hadubini, miaka minane baada ya James Hardy kumpandikizia pafu binadamu kwa mara ya kwanza huko Mississippi, Juni 1963. Mgonjwa yule aliishi siku 18. Kushona kulidai mikono adimu. Ukuta wa vena ya panya ni mwembamba mno, hukunjika na kuchanika, na kila dakika ya kuhangaika nao ni dakika ya pafu kuharibika.

Mwaka 1989 Mizuta na wenzake, kutoka Japani, walirahisisha kazi hiyo kwa kitu kinachopatikana wodi yoyote: kanula, yaani mrija mwembamba wa kuingizia dawa mshipani. Kutoka humo hukatwa vipete vifupi vya plastiki. Pafu la mtoaji, likiwa limeoshwa damu na kuwekwa juu ya barafu, huandaliwa mezani pembeni: mshipa hupenyezwa ndani ya kipete, ncha yake ikapinduliwa nje kama mkono wa shati, kisha ikafungwa kwa uzi. Kwa mpokeaji hutobolewa tundu dogo kwenye mshipa uliobanwa, kipete huingizwa humo, uzi mmoja unakazwa, basi. Vibanio vikiachiwa, pafu jeupe hugeuka waridi na kutanuka.

Lisipogeuka, wa kwanza kushukiwa ni vena. Ikijisokota wakati wa kuingizwa, damu huingia bila kutoka, na pafu huvimba na kuwa jeusi.

Vipanya vidogo, vyenye uzito wa gramu 25 hadi 30, vilisubiri hadi 2007, pale Okazaki, Kreisel na wenzao wa St. Louis, Marekani, walipotumia vipete vyembamba zaidi. Taabu hiyo ina faida yake: kuna koo nyingi za vipanya ambamo jeni moja imezimwa makusudi, hivyo mtafiti huweza kuuliza seli ipi hasa inaanzisha ukataaji. Kwa panya wakubwa koo za Lewis na Brown Norway hutumika sana, kwa kuwa kubadilishana viungo kati yao huamsha ukataaji mkali, ilhali ndani ya ukoo mmoja pafu hupokelewa vyema.

Hata hivyo, ugonjwa unaowasumbua wagonjwa wengi miaka baada ya upandikizaji, ule wa vijia vya hewa kuzibwa na makovu, si rahisi kuuigiza kwa pafu zima la panya. Kwa hiyo wapo wanaotumia njia iliyoelezwa mwaka 1993 na Hertz na wenzake: kipande cha trakea (bomba kuu la hewa) ya kipanya hupandikizwa chini ya ngozi ya kingine, na baada ya wiki chache huziba. Ni rahisi kufanya, ila kipande hicho hakipitishi hewa wala hakiunganishwi na mishipa ya damu.