Mbwa Ana Jina, Wafu Hawana

Ile picha ya Napoleon juu ya farasi mweupe wengi tumeiona: farasi kasimama kwa miguu ya nyuma, joho linapepea, mkono unaelekea juu. Jacques-Louis David alikamilisha ya kwanza mwaka 1801, kusifu safari ya Mei 1800, Napoleon alipovusha jeshi la watu kama 40,000 kwenye mpito wa Great St Bernard, kati ya Uswisi na Italia. Kumbe mwenyewe alipita pale juu ya baghala, yule chotara wa punda na farasi, akiongozwa na mwanakijiji.

Niliijua habari hiyo kwa kusoma. Miguu yangu iliijua Februari moja, shemeji aliponipeleka.

Mpito uko mita 2,469. Ukiulinganisha na Kilimanjaro utacheka, lakini subiri. Majira ya baridi barabara ya juu hufungwa, na tangu 1964 magari hupita chini, ndani ya handaki. Anayetaka kufika juu atembee. Tulivaa viatu vya theluji, kama nyungo mbili ndogo umezifunga miguuni ili usizame. Unatembea umetanua miguu kama bata. Baada ya saa moja mapaja yanawaka moto.

Tukafika bonde liitwalo Combe des Morts, yaani Bonde la Wafu. Nikataka kupumzika.

"Hapa hatusimami, shemeji," akaniambia. "Tena tuachane nafasi. Theluji ikiporomoka, isitubebe wote wawili."

Sikubisha. Nikawa nawaza wale askari. Mizinga yao ilitolewa kwenye magurudumu, ikalazwa ndani ya magogo yaliyochongwa, halafu watu wakaivuta kwa kamba. Miti ilikatwa kwenye misitu ya Bourg-Saint-Pierre, na wanakijiji walikuja kulidai deni hilo miaka na miaka. Kwenye picha ya David askari wapo, ila wadogo mno, nyuma kabisa, chini ya tumbo la farasi.

Juu kuna nyumba ya wageni ya watawa, iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernard karibu mwaka 1050. Watawa wapo mpaka leo, na nyumba haifungwi hata baridi iwe kali vipi. Tulikunywa chai ya moto mpaka vidole vikarudi kuwa vyangu.

Humo ndimo waliishi wale mbwa mashuhuri. Maarufu kuliko wote ni Barry, aliyezaliwa 1800 akafa 1814. Inasemekana aliokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho mjini Bern.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kijumba cha mawe kilicho jirani. Ardhi pale ni mwamba na barafu, kuchimba kaburi ni shida. Wasafiri waliokutwa wamekufa waliwekwa humo, baridi ikawakausha, wakangoja ndugu waje kuwatambua. Wengi hawakujiwa na mtu. Charles Dickens alifika mwaka 1846, na baadaye akawaingiza wafu hao katika riwaya yake Little Dorrit. Leo kijumba kimezibwa.

Basi hesabu ndiyo hiyo: mbwa tunamjua kwa jina na mwaka wa kuzaliwa, jenerali ana farasi ambaye hakumpanda, na waliomo kijumbani hatujui hata walikuwa wangapi. Mimi ninayependa vitabu nilidhani kuandikwa ni kukumbukwa. Dickens aliwaandika, na bado hawana majina.

Kabla ya kushuka, shemeji alimpigia simu dada yangu. Akamwambia njia tutakayopita na saa ya kufika. Halafu nikamsikia akisema, "Niko na mdogo wako, tuko wawili tu." Akanitaja kwa jina langu lote, na la baba.