Hesabu Iliyotafutwa Mazimbu

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumba nyingi za mjini huingia katika msiba usio na matanga. Hakuna anayelia kwa sauti, lakini chakula hakiliki. Juma lililopita mama mmoja wa Temeke, ambaye hunisikiliza redioni akiwa gengeni kwake, alinisimamisha njiani. Kijana wake amepata F ya hisabati na Kiingereza cha kubabaisha. Akaniuliza, "Baba, hivi mtoto aliyeachwa na hesabu tangu darasa la tano anaweza kweli kuwafikia wenzake, akaenda chuo? Au nimtafutie kazi tu?"

Sikutaka kumjibu kwa kumpa moyo, maana moyo haulipi ada ya tuisheni. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki moja." Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu. Wale mliokwisha kuyasikia redioni mtanisamehe, humu gazetini nimeongeza mawili matatu ambayo dakika za kipindi hazikuruhusu.

Jibu langu lipo Morogoro, kilomita chache kutoka mjini, mahali panapoitwa Mazimbu. Ila hadithi yenyewe inaanzia mbali zaidi, Afrika Kusini, mwaka 1953.

Mwaka huo serikali ya makaburu ilipitisha sheria ya elimu ya Wabantu. Waziri aliyeisimamia, Hendrik Verwoerd, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, hakuficha nia yake. Aliuliza bungeni kuna faida gani kumfundisha mtoto wa Kiafrika hisabati iwapo hataitumia kazini. Tafadhali lifikirie swali hilo. Mtawala anakaa, anapiga hesabu yake, na hesabu hiyo inamwonyesha kwamba wewe hufai kujua hesabu. Shule nyingi za misheni zilizokuwa zikiwafundisha Waafrika vizuri zilinyang'anywa au zikafungwa. Katikati ya miaka ya 1970, serikali ile ilikuwa ikitumia Randi 644 kwa mwaka kwa mwanafunzi mmoja Mzungu, na Randi 42 kwa mwanafunzi Mwafrika.

Kisha ikaja amri ya mwaka 1974 kwamba hisabati na maarifa ya jamii vifundishwe kwa Kiafrikaans. Walimu wengi wenyewe hawakukijua vizuri. Mtoto aliyekuwa anahangaika na aljebra sasa alitakiwa kuhangaika nayo kwa lugha ya askari anayemkagua pasi barabarani. (Sisi tunaotoka darasa la saba tukiongea Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, tunaweza kuonja kidogo uchungu huo, ingawa kwetu hakuna aliyetutolea bunduki.) Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto wakaingia barabarani. Polisi wakafyatua risasi. Mtoto Hector Pieterson akauawa, na picha yake akiwa amebebwa mikononi ikazunguka dunia nzima.

Baada ya hapo vijana wakaanza kukimbia nchi kwa mamia. Walipita Botswana, Swaziland na Msumbiji, ambayo ilikuwa imepata uhuru mwaka 1975. Wengi wao walikuwa na shauku moja tu, wapewe bunduki warudi nyumbani. Hapo ndipo chama cha ANC kilipojikuta na mzigo ambao hakikuutarajia. Kilikuwa na makambi ya kijeshi, lakini hakikuwa na shule. Na hawa walikuwa wanafunzi. Wengine walikuwa bado watoto.

Tanzania ilikwisha kuzoea wageni wa namna hiyo. Kongwa palikuwa na makambi ya wapigania uhuru tangu miaka ya 1960. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969. Hapa Dar es Salaam, Kurasini, Frelimo ilikuwa na Taasisi ya Msumbiji iliyoanzishwa mwaka 1963 chini ya Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane, ili vijana waliokimbia Wareno wapate sekondari. Taasisi hiyo ilipata fedha za mwanzo kutoka shirika la Ford la Marekani. Wareno wakanung'unika, na mfuko ukafungwa. Mwaka 1968 wanafunzi wenyewe wakagombana na viongozi wao, tena ugomvi wa kupigana, na shule ikafungwa. Ugomvi ule ulikuwa na mambo mengi ndani yake, lakini moja lilikuwa hili: je, kijana aliyesoma aende chuo kikuu ng'ambo, au kwanza aende msituni kupigana? Swali hilo lilikuja kuwasubiri Waafrika Kusini pia.

Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, ndilo hilo la Mazimbu. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, Mama Anna Abdallah, alikuwa mstari wa mbele katika kulipatia shamba hilo wenyewe wapya. Ukitazama Milima ya Uluguru kutoka pale utadhani ni mahali pa mapumziko. Wenyewe walikuta majani, mkonge uliozeeka na nyumba chache mbovu. Masomo yalianza mwaka 1978. Mwaka 1979 shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu.

Naomba nisimame hapa kidogo. Mahlangu alizaliwa mwaka 1956, akakulia Mamelodi, Pretoria. Hakumaliza sekondari, kwani vurugu za 1976 zilimkuta bado mwanafunzi. Alitoroka nchi, akafunzwa ujeshi, akarudi na silaha mwaka 1977, akakamatwa Johannesburg baada ya mapambano ambamo raia wawili waliuawa. Mahakama haikumkuta kuwa ndiye aliyefyatua risasi zile, lakini ilimhukumu kifo hata hivyo. Alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Kwa hiyo shule iliyowaambia vijana wakae wasome ilipewa jina la kijana aliyeacha shule akaenda kupigana. Sidhani kama walioliteua jina hilo hawakuliona jambo hilo. Nadhani waliliona vizuri sana.

Sasa tufike darasani, maana mama wa Temeke hakuniuliza habari za siasa.

Vijana hawa walifika wakiwa na viwango vya kila namna. Madarasa waliyoyataja hayakueleza mengi, kwa sababu mtu anaweza kuwa amekaa miaka minane katika shule za Verwoerd na bado sehemu na desimali zikampiga chenga. Wengine walikuwa wamekaa nje ya masomo mwaka mzima au zaidi, wakingoja katika makambi ya wakimbizi. Wengine walizungumza Kizulu, wengine Kisotho, Kixhosa au Kitswana, na masomo yangekuwa kwa Kiingereza. Ilibidi wapimwe kwanza, kisha wapangwe kwa kile wanachokijua, wala si kwa umri au kwa kidato walichodai. Kijana wa miaka ishirini, aliyerusha mawe kwa magari ya polisi, aliyepoteza rafiki zake, anaambiwa, ndugu, kaa na hawa wadogo, tuanze na sehemu.

Hebu jiweke katika viatu vyake. Mimi ninaweza, kwa sababu jambo hilo lilinipata. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na F ya hisabati iliyonyooka kama mlingoti. Nikaenda madarasa ya jioni, nikakaa benchi moja na konda wa daladala na askari mgambo aliyekuja na sare. Mwalimu, mzee mmoja mstaafu, aliitazama kazi yetu ya kwanza, akafuta ubao wote, akaandika kugawanya kwa tarakimu mbili. Kugawanya! Nilitaka kuondoka. Konda ndiye aliyenivuta shati akanambia, "Dogo, kaa, hapa hakuna anayekujua." Ilituchukua miezi mitatu kufika kwenye aljebra. Lakini tulipofika, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa naiona inavyokwenda. Nilirudia mtihani nikapata C, na bila C hiyo nisingeingia chuo cha uandishi wa habari, wala usingekuwa unasoma safu hii.

Mazimbu walifanya hivyo kwa mamia ya watu. Katika miaka ya 1980 wageni walipozidi, mzigo wa kuwaandaa wapya ulipelekwa Dakawa, eneo jingine ambalo ANC ilipewa mwaka 1982, kaskazini ya mji wa Morogoro. Huko kikajengwa kituo cha maandalizi kilichopewa jina la Ruth First, mwandishi wa habari na msomi aliyeuawa kwa bomu la barua mjini Maputo mwezi Agosti 1982. Mtu alikaa pale akanoa Kiingereza na hesabu mpaka aonekane anaweza kuingia sekondari ya Mazimbu bila kuzama. Nayo sekondari iliwaandaa kwa mtihani wa London wa ngazi ya kidato cha nne, mtihani uleule wa nje, usiojua wala kujali kwamba mtahiniwa ni mkimbizi. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara kuliko yote. Wangeweza kujitungia mtihani wao wenyewe, mwepesi, wakapeana vyeti na kupongezana. Vyuo vya ng'ambo visingevitambua.

Aidha walisoma historia ya harakati zao, na somo la maendeleo ya jamii ambalo lilikuwa la lazima kwa wote. Walilima, walifuga, walijenga. Majengo mengi yalisimamiwa na mhandisi wao Oswald Dennis, na fedha zilitoka zaidi nchi za Skandinavia, Uholanzi na kwingineko. Hospitali ya pale, iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi, ilitibu pia majirani wa Kitanzania. Oliver Tambo alikuja kuifungua shule rasmi mwaka 1985.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mazimbu hapakuwa peponi. Walimu wa hesabu na sayansi walikuwa haba tangu mwanzo hadi mwisho, na wengi wa wale waliopatikana walikuwa wafanyakazi wa kujitolea kutoka nje, ambao mkataba ukiisha huondoka, na darasa likabaki linamngoja mwingine. Wanafunzi walifika katikati ya mwaka, kwa sababu mtu hachagui mwezi wa kukimbia. Ulevi ulikuwepo, na ukiwa wa kukaa miaka bila barua ya nyumbani. Msichana aliyepata ujauzito alihamishiwa katika kituo cha mama na watoto cha Charlotte Maxeke, na masomo yake yakasimama, huku baba wa mtoto, kama alikuwa mwanafunzi, mara nyingi akiendelea na kitabu chake. Mama zetu wanaosoma safu hii watanielewa. Hata chama kilichopigania usawa kilijikwaa mahali palepale tunapojikwaa sisi. Na wapo ambao hawakuvuka mtihani wa London hata baada ya kuandaliwa. Miaka minane ya kunyimwa haifutiki kwa miaka miwili ya kufundishwa.

Lakini waliovuka walikwenda. Walipata nafasi katika vyuo vya Urusi ya Kisovieti, Ujerumani Mashariki, Skandinavia na kwingine, wakasomea fani ambazo Verwoerd aliapa hawatazigusa.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi sana. Mwaka uleule wa 1977 tulipowapa ardhi, sisi wenyewe tulikuwa tunaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, maarufu kama UPE. Watoto wetu walijaa shule za msingi, na sekondari za kuwapokea zilikuwa chache mno. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeelekeza vijana wapite kazini kwanza kabla ya chuo kikuu. Mtanzania wa wakati ule aliyekosa nafasi ya sekondari alitegemea masomo ya jioni, masomo kwa njia ya posta na baadaye mtihani wa maarifa. Nchi ambayo haikuwa na madawati ya kutosha iligawa shamba zima kwa ajili ya madawati ya jirani. Wapo wanaosema tulikuwa wajinga. Mimi si mmoja wao, ingawa nakiri kwamba mzazi wa Morogoro ambaye mwanawe alirudi nyumbani na cheti cha darasa la saba alikuwa na haki ya kuuliza.

Tarehe 2 Februari 1990 ANC ilifunguliwa. Wakimbizi wakaanza kurudi kwao, na mwaka 1992 majengo yote yakakabidhiwa serikali ya Tanzania, ambayo iliyapa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kumbukumbu za shule zilisafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Fort Hare. Makaburi yamebaki Mazimbu. Niliyatembelea miaka michache iliyopita nikiwa na kinasa sauti, na sikuona la kurekodi isipokuwa upepo.

Nilipotoka makaburini nilipita madarasani. Siku hizi pale Mazimbu, katika kampasi yenye jina la kijana ambaye hakumaliza sekondari, Sokoine wanawafundisha pia walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari zetu. Dirisha lilikuwa wazi. Binti mmoja alikuwa ubaoni akijizoeza kufundisha wenzake, akieleza jinsi ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Alikosea, akacheka, akafuta, akaanza upya.

Mama wa Temeke, gengeni kwako nitapita Jumamosi. Nimepata anwani ya madarasa ya jioni, na nimeulizia ada.