Baridi na Elimu ya Wenyeji

Baridi kali haitambui cheo wala ushujaa. Mwanadamu aingiapo katika nchi ambayo hata maji ya bahari huganda yakawa barafu, kitu cha kwanza cha kumwokoa ni maarifa, na maarifa hayo aghalabu wanayo wenyeji. Jambo hili ladhihirika katika habari za kisiwa kimoja cha kaskazini ya Kanada, kiitwacho King William, ambako wageni fulani waliangamia, na wageni wengine, katika muda usiotimia miaka 60, wakafanya chuo chao.

Mwezi wa Mei 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini ya bara la Amerika. Zilikuwa na mitambo ya mvuke na vyakula vya miaka mitatu. Mwezi wa Septemba 1846 zilinaswa na barafu karibu na kisiwa hicho. Franklin alifariki mwezi wa Juni 1847, na mwezi wa Aprili 1848 watu 105 waliosalia waliziacha merikebu, wakashika njia ya kusini kwa miguu, huku wakikokota mashua juu ya barafu. Katika mashua moja iliyoonekana mwaka 1859 mlikutwa vijiko vya fedha, vitabu na sabuni. Kati ya watu 129, hakurudi hata mmoja.

Si haki kusema kwamba baridi peke yake ndiyo iliyowaua, kwani njaa na maradhi vilishirikiana nayo. Wala nchi ile kavu isingeweza kuwalisha watu mia kwa ghafula. Lakini katika nchi hiyo hiyo Wainuit walikuwa wakiishi, wakizaa na kulea watoto. Siri yao ilikuwa nini?

Kwanza ni mavazi. Wainuit walivaa ngozi za kulungu wa kaskazini, mbili mbili: ya ndani manyoya yake yakielekea mwilini, ya nje yakielekea upeponi. Manyoya hayo hushika hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoroke. Tena nguo hizo zilikuwa pana, ili mvuke wa mwili upate pa kutokea. Maana katika baridi jasho ni adui wa ndani ya nyumba. Nguo iliyolowa huganda, na aliyeivaa huganda pamoja nayo. Pili ni makao. Nyumba ya theluji hujengwa kwa matofali yaliyokatwa kwa kisu, na mlango wake huwa chini ya kitanda, ili hewa ya joto ipandayo ibaki walipo watu. Taa moja ya mafuta ya sili yatosha kuwahifadhi wasigande. Tatu ni chakula: nyama mbichi na mafuta ya sili viliwapa joto na kuwakinga na kiseyeye.

Daktari John Rae, Mskoti, hakuona haya kujifunza mambo hayo. Majira ya baridi ya 1853 hadi 1854 alikaa katika nyumba za theluji. Yeye ndiye aliyepata kwa Wainuit habari za mwisho wa watu wa Franklin, hata kwamba baadhi yao walikula maiti za wenzao. Alipozifikisha London alilaumiwa, na Charles Dickens akaandika kwamba neno la washenzi si la kuaminiwa.

Mwaka 1903 Mnorwe Roald Amundsen alifika kisiwani na merikebu ndogo, Gjøa, yenye watu saba tu. Alikaa hapo karibu miaka miwili, akawa mwanafunzi wa Wainuit katika kuvaa, kujenga na kuendesha mbwa. Elimu hiyo aliichukua hata upande wa pili wa dunia. Tarehe 14 Desemba 1911 alifika Ncha ya Kusini na wenzake wanne, na wote wakarudi salama. Mwingereza Robert Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, baada ya yeye na wenzake wanne kukokota mizigo kwa nguvu za miili yao. Wote watano walikufa njiani. Ushujaa haukuwapungukia.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kaskazini twaona kinyume chake: mwenyeji ndiye amponyaye mgeni, iwapo mgeni akubali kuponywa. Na neno lile lililodharauliwa halikufa. Merikebu Erebus ilipogunduliwa chini ya bahari mwaka 2014, ilikuwa katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuit yalilitaja tangu karne ya kumi na tisa. Mifupa nayo, yenye alama za visu, imewashuhudia. Basi mwanachuoni apimaye habari kwa wino peke yake na aukumbuke mfano huu, kwani masimulizi ya wazee yaweza kuhifadhi ukweli, na ukweli huo waweza kuwa tofauti ya uhai na mauti.