Dhamana

Neno hili asili yake ni Kiarabu, na limebeba mengi. Tanzania tunasema "waziri mwenye dhamana", yaani aliyekabidhiwa jambo na atakayeulizwa likiharibika. Kortini maana ni hiyohiyo: mshtakiwa hajasamehewa, amekabidhiwa kwa mdhamini, na siku ya kesi lazima aonekane.

Uzito wake hujulikana damu inapomwagika baina ya makundi, kama ilivyokuwa Tana Delta, Kenya, mwaka 2012, Wapokomo na Waorma walipovamiana na watu zaidi ya 100 wakauawa. Kabla ya Katiba ya 2010, aliyeshtakiwa kwa mauaji nchini Kenya hakupewa dhamana. Tanzania hapewi mpaka leo. Ibara ya 49 ya katiba hiyo ya Kenya inampa mshtakiwa haki ya dhamana, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima.

Na sababu nzito ni ipi hapo? Kwangu, si wingi wa makaburi. Ni shahidi anayeteka maji kisima kimoja na mshtakiwa. Ni ndugu wa marehemu anayenoa panga akisubiri mtu arudi kijijini. Jaji anapaswa kumtazama kila mmoja peke yake, maana kundi haliwekewi dhamana, huwekewa mtu.

Ndiyo maana huniuma nikisikia "muuaji kaachiwa". Hajahukumiwa bado. Na nyuma yake, kwenye benchi, ameketi bibi aliyeleta hati ya shamba ndani ya mfuko wa nailoni, kidole gumba bado kina wino.